Cheti cha Tangi la Kwemvumo

Abrahamu alikuja Lushoto kwa mara ya mwisho mwezi Juni, mwaka sabini na mbili, akiwa na Landrova ya wizara, dereva, na mafua yaliyomshika tangu walipoanza kupanda kutoka Mombo. Kwa miaka tisa alikuwa akiipanda milima hii mara mbili kila mwaka kukagua matangi ya petroli yaliyofukiwa ardhini: ya vituo vya barabarani, ya mashamba ya chai, ya misheni. Safari hii hakuja kukagua. Alikuja kukabidhi kazi.

Aliyekabidhiwa alikuwa Kornelio, Bwana Afya, mtu wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa bonde lililo chini ya Rangwi. Kornelio alikuwa amesomea vyoo, nyama, chanjo na chemchemi. Alijua kulitazama ini la ng'ombe na kusema nyama iliwe au ifukiwe. Kuhusu petroli alijua kwamba inawaka.

"Madaraka yanashuka mikoani," Abrahamu alimwambia, akipenga kamasi kwenye leso. "Wizara haitapanda tena huku. Tangi litakaguliwa na wilaya lilipo. Wamesema mtu wa karibu ndiye atakayejua upesi panapovuja."

"Ni kweli," akasema Kornelio. Naye alisema kwa moyo. Alikuwa amesikiliza hotuba redioni, yeye na wenzake wamebanana kwenye chumba kimoja cha ofisi, na ilipokwisha alipiga makofi kama wengine. Miaka mingapi walikuwa wakisubiri mtu wa Dar es Salaam aje awaambie daraja limeoza, wakati waliolivuka kila siku walikuwa wakiona wenyewe?

Abrahamu akampa jalada lenye majina ya matangi kumi na moja, kitabu cha vyeti, na fimbo ndefu ya shaba yenye alama za kupimia kina cha mafuta. Kisha akafunga sanduku lake la bati. Kornelio akauliza ndani ya sanduku kuna nini.

"Pampu ya upepo na saa yake. Unaziba tangi, unalijaza upepo, unautazama mshale. Ukishuka, tangi lina tundu." Akalivuta sanduku karibu naye. "Hii sikuachii, ndugu yangu. Imeandikwa kwenye daftari la vifaa vya wizara. Nimeagizwa niirudishe."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Omba yako. Andika barua mapema."

Kabla hajaondoka, Abrahamu aliomba wapande wote wawili hadi Kwemvumo. Hakusema sababu mpaka walipofika.

Kwemvumo kilikuwa kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa kwenye shamba la zamani la mlowezi mmoja. Mlowezi aliondoka baada ya Uhuru, akaacha ghala la mawe, mistari ya miti ya miwati, na tangi la petroli alilolifukia kando ya ghala mwaka hamsini na moja. Wanakijiji walikuwa na lori moja kuukuu, na kwa lori hilo walishusha kabichi, viazi na matunda damu hadi Mombo, ambako wanunuzi wa Tanga na Dar es Salaam walisubiri. Tangi lile ndilo lililolilisha lori. Gari la kuleta mafuta lilipanda mara moja kwa mwezi, na halikumimina hata tone kama mwenye tangi hakuonyesha cheti cha ukaguzi.

Abrahamu alisimama juu ya mfuniko wa chuma, akapiga chini kwa kisigino.

"Hili ndilo linaloninyima usingizi," akasema. "Mara ya mwisho mshale ulishuka. Si sana, lakini ulishuka. Niliandika lifukuliwe. Barua yangu haikujibiwa, na sasa hata wakijibu, watajibu kwamba si kazi yao tena." Akatazama mteremko. "Kule chini kuna nini?"

"Chemchemi," akasema Kornelio.

Alijibu kwa fahari, maana chemchemi ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Miaka miwili nyuma watu wa Kwemvumo walikuwa wakinywa maji na ng'ombe pamoja, na watoto walikufa kwa kuhara. Kornelio alikaa nao mwezi mzima. Walibeba mawe na mchanga kutoka mtoni, wakajenga sanduku la saruji juu ya jicho la maji, refu kiasi mtu aweze kuingia na kuinama, lenye mfuniko wa chuma na bomba la kutekea. Tangu hapo watoto hawakuhara. Akina mama walimchinjia kuku.

Abrahamu aligeuka akautazama tena mfuniko wa tangi. Alipopanda garini alimshika mkono Kornelio kwa muda mrefu kuliko desturi.

Kornelio aliandika barua ya kuomba pampu mwezi Julai. Agosti akajibiwa kwamba ombi limepokewa na limepelekwa mkoani. Septemba mkoa ukajibu kwamba vifaa vya ukaguzi ni jukumu la wilaya, viingizwe kwenye makadirio ya mwaka ujao, na kwa sasa kazi iendelee kwa vifaa vilivyopo. Vifaa vilivyopo vilikuwa fimbo moja.

Basi akaitumia fimbo. Alipanda Kwemvumo siku ya Jumamosi, akafunga pampu ya mkono ya kutolea mafuta tangini kwa kufuli lake mwenyewe, akapima kina cha mafuta, akaandika. Jumatatu asubuhi alirudi. Kufuli lilikuwa kama alivyoliacha. Alichovya fimbo, akaifuta, akachovya tena. Mafuta yalikuwa yamepungua kwa upana wa vidole viwili.

Mwenyekiti wa kijiji, Silvano, alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma. Silvano alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nzito, aliyewahi kuwa msimamizi katika shamba la chai. Hakuna aliyelima kumzidi. Kwenye shamba la pamoja alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

"Ndugu Kornelio, petroli hupungua yenyewe. Jua likiwaka, huruka."

"Chini ya ardhi hakuna jua, Ndugu Mwenyekiti. Linavuja. Siwezi kuandika cheti."

"Hili tangi limekaguliwa miaka yote na mtu wa serikali kuu, akaandika cheti. Leo limekuja mikononi mwetu wenyewe, ndipo tunyimwe?"

"Hata yeye aliandika lifukuliwe."

"Tutalifukua kwa zana gani? Na tukilifukua tutaweka nini?"

Kornelio alisema ataandika barua nyingine. Mafuta yaliyobaki tangini yalilitosha lori siku chache tu, kisha likasimama kando ya ghala, na wakati huo kabichi zilikuwa zimekomaa zote kwa pamoja.

Wiki ya kwanza watu walibeba mizigo kichwani hadi barabara kuu, mwendo wa saa tatu, wakisubiri lori lolote litakalopita. Wiki ya pili mvua za vuli zikaanza na njia ikawa utelezi. Kabichi zikaanza kupasuka mashambani. Harufu yake ya kuoza ilifika hadi shuleni. Silvano alishuka Lushoto mara mbili kulalamika, na mara ya pili mkubwa wa Kornelio alimwita ofisini.

"Nimesikia umewafungia wananchi mafuta."

"Tangi linavuja, mzee."

"Una kipimo kinachoonyesha linavuja?"

"Nina fimbo. Vidole viwili kwa siku mbili."

"Fimbo." Mkubwa wake alikuwa mtu mpole, na alisema kwa upole. "Kornelio, hatukupewa madaraka ili tuwazuie watu kuzalisha. Kama huna hakika, andika kwamba linafaa kwa muda. Miezi mitatu. Hapo vifaa vitakuwa vimekuja."

"Nikiandika linafaa, nitakuwa nimesema uongo."

"Na usipoandika, kabichi zikaoza, utakuwa umesema nini?"

Kornelio aliomba muda wa kufikiri. Siku nne baadaye Yunis alishikwa na uchungu.

Yunis alikuwa mke wa Paskali, na Paskali alikuwa mtoto wa Dorkasi, mdogo wa mama yake Kornelio. Mama yake Kornelio alipofariki, Dorkasi ndiye aliyemlea, kwa hiyo Paskali na Kornelio walikula sahani moja na kulala kitanda kimoja mpaka Kornelio alipokwenda shule ya bweni. Mimba ya Yunis ilikuwa ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa. Mkunga alipoona mtoto amekaa vibaya alisema apelekwe hospitali, naye alisema hivyo alfajiri, muda ukiwa bado upo. Lakini lori lilikuwa limesimama. Wanaume wanane walimbeba kwa machela, wakipokezana, katika mvua, wakiteleza na kuinuka. Walifika alasiri. Yunis alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa amekwisha kufa.

Kornelio aliwakuta hospitalini. Paskali alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, matope yamemkauka miguuni hadi magotini. Alisogea ili Kornelio akae.

"Sikulaumu," akasema Paskali.

"Nilaumu."

"Sikulaumu, Kornelio. Lakini tia saini. Kuna wanawake wengine watatu pale kijijini wana mimba. Mimi sitaki kumbeba mtu mwingine hivi."

Kornelio alimweleza tena kuhusu vidole viwili, kuhusu mshale wa saa uliokuwa ukishuka wakati wa Abrahamu. Paskali alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

"Yakivuja yanakwenda wapi?" akauliza.

"Ardhini. Huko mbele sijui."

"Basi yaende ardhini. Tia saini, ndugu yangu."

Kesho yake Kornelio alifungua kitabu cha vyeti. Aliandika jina la kijiji, ukubwa wa tangi, na maneno haya: linafaa kwa muda wa miezi mitatu. Akatia saini, akagonga mhuri. Gari la mafuta likapanda wiki ile ile, na lori la Kwemvumo likashuka Mombo likiwa na kabichi zilizosalia. Silvano alimwandikia barua ya shukrani kwa niaba ya kijiji kizima.

Miezi mitatu ikapita. Vifaa havikuja. Kornelio akaandika cheti cha pili, upesi kuliko cha kwanza. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, alipolikumbuka.

Mwezi Machi, mwaka sabini na tatu, Dorkasi alishuka Lushoto siku ya soko. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Kornelio, akaketi bila kukaribishwa, akatoa kwenye kikapu chupa ya maji iliyozibwa kwa gunzi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nusa."

Kornelio alivuta gunzi. Hakuhitaji kusogeza pua.

"Yameanza lini?"

"Mazi haya?" Dorkasi alipochoka alichanganya Kishambaa na Kiswahili bila kujua. "Tangu baada ya Krismasi, lakini kidogo, tukadhani ni ndoo. Sasa hata chai haifichi harufu. Watoto wanatapika. Silvano anasema ni majani ya miwati yameoza ndani ya sanduku. Anasema lioshwe."

Kornelio aliitazama ile chupa. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba, wenye rangi za upinde wa mvua. Alijua ni nini. Angeweza kusema papo hapo: lifungeni tangi, msinywe maji haya, hameni. Badala yake alifikiria cheti chenye jina lake, na Yunis kwenye machela, na alifikiria pia kwamba sanduku lile alilijenga yeye na analijua kila jiwe. Labda petroli ilikuwa imeingia kidogo tu na kutuama. Labda ikitolewa yote, sanduku likisuguliwa kwa chokaa kama alivyofundishwa kusafisha chemchemi iliyochafuka, maji yangerudi kuwa maji. Halafu angelifunga tangi kimya kimya, bila makelele.

"Msinywe kwanza," akasema. "Jumamosi nitakuja. Mwambie Paskali atafute mtu mmoja wa kumsaidia. Tutaliosha sanduku."

Jumamosi ilikuwa siku njema, jua limewaka baada ya mvua ya wiki nzima. Kornelio alikuja na mfuko wa chokaa na brashi mbili. Paskali alikuwa amempata Athumani, mtu aliyetoka Singida miaka mingi iliyopita kufanya kazi ya chai, na mkataba wake ulipokwisha akaomba kujiunga na kijiji. Athumani hakuwa na mke wala ndugu pale. Alikuwa fundi wa kila kitu, na hakuna aliyemwita akakataa.

Dorkasi na akina mama kadhaa walikaa juu ya ukingo na ndoo zao, wakisubiri maji safi. Yunis hakuja, tangu hospitali hakuwa mtu wa kutoka nje.

"Pasiwe na moto," Kornelio akawaambia watu wote. "Wala sigara." Hilo alilijua, na kwa kuwa alilijua, akadhani amejua yote. Waliondoa mfuniko wa chuma, wakaacha sanduku wazi kwa muda. Harufu ilitoka kali, kisha pua zikaizoea. Kornelio aliona hiyo ni dalili kwamba imepungua. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwamba haupandi ukatoka bali hukaa chini, ukajaa shimo kama maji yanavyojaa ndoo.

Paskali alivua shati, akaingia. Walimsikia akisugua ukuta. Baada ya muda akaanza kucheka.

"Kuna nini huko?" akauliza Athumani, naye akitabasamu.

"Sijui," sauti ya Paskali ilisema kutoka ndani. "Najisikia kama nimelewa dengelua, pombe yetu ya miwa." Akina mama wakacheka. Dorkasi akasema mwanawe tangu utoto hakosi mzaha. Kisha brashi ikaanguka majini, na hawakusikia kitu kingine.

"Paskali," akaita Kornelio. "Paskali!"

Athumani hakungoja. Aliruka ndani, na Kornelio alimwona akiinama, akamshika Paskali chini ya makwapa, akamwinua hadi kifuani. Uso wa Athumani ulitazama juu kwenye mwanga. Alifungua kinywa kama anayetaka kusema, halafu magoti yakamlegea, wakaanguka wote wawili.

Kornelio alilala kifudifudi akanyoosha mkono ndani. Vidole viligusa nywele za Athumani, vikateleza. Kichwa kikaanza kumzunguka, akajivuta nje, akatapika. Alipoinuka alimwona Dorkasi ameshaweka mguu mmoja kwenye ukingo wa sanduku.

Alimshika kiunoni. Dorkasi alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini, lakini alikuwa na nguvu za mtu aliyelima maisha yake yote. Alimpiga Kornelio kwa viwiko, alimng'ata mkono, alimtukana kwa Kishambaa matusi ambayo Kornelio hakujua kwamba anayajua.

"Niache! Mwanangu yuko hapo! Yuko hapo, namwona!"

"Ukiingia hutatoka, mama."

"Nani alikwambia nataka kutoka?"

Hakumwachia. Alimshikilia hivyo, uso wake ameuficha mgongoni mwa mama aliyemlea, huku akina mama wakipiga mayowe kuita wanaume kutoka mashambani. Ilichukua karibu nusu saa kupata kamba na ndoana ya kuvutia magogo. Walipowatoa, ngozi zao zilikuwa nyekundu mahali petroli ilipozigusa, na nyuso zao zilikuwa tulivu.

Paskali alizikwa Jumatatu kwenye makaburi ya Kilutheri. Athumani alizikwa siku ile ile ya Jumamosi kwa taratibu za Kiislamu, na watu watatu tu waliojua dua. Katika sanduku lake walikuta nguo, msumeno mdogo na kadi ya TANU. Hawakukuta barua hata moja. Silvano aliuliza kila aliyewahi kufanya kazi ya chai, wakamwambia Singida ni kubwa. Hakuna taarifa iliyopelekwa popote.

Baraza la uchunguzi lilikaa mwezi Aprili katika darasa la shule. Wizara ilileta barua: tangu Julai mwaka uliopita ukaguzi wa matangi haupo tena chini yake. Mkoa ulileta barua: wilaya ilielekezwa kutumia vifaa vilivyopo. Mkubwa wa Kornelio alisema kwamba mtaalamu wake ndiye aliyekagua, ndiye aliyeandika cheti, na yeye kama kiongozi hakuwa na utaalamu wa kumpinga. Kila barua ilikuwa ya kweli. Kornelio alizisikiliza zikisomwa, akatafuta neno la uongo ndani yake, hakulipata.

"Vyeti hivi viwili, saini hii ni yako?" wakamwuliza.

"Ni yangu."

"Ulijua tangi linavuja?"

"Nilijua."

"Ulilazimishwa?"

Silvano alikuwa ameketi mbele, kofia mapajani. Aliinua uso akamtazama Kornelio, kama anayemsihi aseme ndiyo, amtaje, amgawie sehemu ya mzigo. Kornelio alifikiria benchi la hospitali.

"Hapana," akasema. "Niliombwa."

Hawakumfunga. Waliandika kwamba ameonyesha uzembe, wakampa onyo, wakamhamishia Mnazi, kule bondeni kwenye joto. Jalada la matangi lilikabidhiwa kwa karani wa ofisi, kijana aliyekuwa akishughulikia leseni za baiskeli na za pombe. Pampu ya upepo haikuwahi kuja. Tangi lilipigwa marufuku, lakini halikufukuliwa, kwa kuwa hakuna aliyeelekezwa kulifukua. Petroli iliyokuwamo ilibaki mle mle, ikaendelea na safari yake.

Kabla ya kuhama, Kornelio alikwenda kwa Dorkasi. Alimkuta uani anapukuchua mahindi, Yunis kando yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

Dorkasi aliendelea kupukuchua. Yunis alimtazama mama mkwe wake, akatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Dorkasi. Salamu hainyimwi, hata kwa adui. Lakini hakumwambia karibu, wala hakumwonyesha kigoda. Kornelio alisimama pale mpaka mahindi ya ungo ule yakaisha. Dorkasi aliinuka, akachukua ungo mwingine.

"Nilikushika kwa sababu ungekufa," akasema Kornelio.

"Najua kwa nini ulinishika."

"Nisamehe."

"Mchungaji ameniambia nikusamehe. Nimemwambia nitajaribu." Aliketi tena, mgongo wake kwake. "Nenda, Kornelio. Ukikaa hapa nakuona ukiwa mdogo, na yeye yuko pembeni yako. Nenda."

Alikaa Mnazi miaka miwili. Alikagua nyama, akapima mashimo ya vyoo, akachanja watoto. Kila alipopewa karatasi ya kutia saini aliisoma mara nne, tano, mpaka wenzake wakamcheka, na nyingine alizirudisha bila kutia saini kwa sababu ambazo hakuweza kuzieleza. Katika msimu wa kiangazi wa mwaka sabini na tano alitumwa kupeleka dawa Rangwi, na gari lilipofika njia panda ya Kwemvumo alimwomba dereva amngojee kidogo.

Hakupanda kijijini. Alikata kwa njia ya mteremko hadi kwenye chemchemi. Sanduku lilikuwa limevunjwa upande mmoja kwa nyundo, na maji yalitoka wazi tena, kwenye matope, kama yalivyokuwa kabla hajawajengea. Mwanamke kijana ambaye Kornelio hakumfahamu alikuwa ameinama akiteka kwa kata. Kando ya ndoo yake kulikuwa na nyayo za ng'ombe. Alikuwa akipuliza uso wa maji kabla ya kuchota, akiusukuma ule utando pembeni kwa pumzi, kwa namna ya mtu aliyekwisha zoea.

"Dada, maji hayo msinywe," akasema Kornelio. "Yana petroli. Yataua watoto."

Mwanamke alijinyoosha, akamtazama viatu, akamtazama shati la serikali.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Umenisikia?"

"Nimesikia. Walisema pia wale waliokuja mwaka jana." Alijitwisha ndoo, akaishika kwa mkono mmoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua. "Mto umekauka. Chemchemi ya ng'ambo ni ya kijiji kingine na wameifunga. Tukateke wapi?"

Kornelio alitazama juu ya mteremko, kisha chini bondeni, kisha akatazama tena maji. Mwanamke alingoja kwa adabu, ndoo kichwani, muda wa kutosha mtu kujibu. Alipoona hakuna jibu, akamuaga, akashika njia ya kupanda.